Kabla ya Kuuliza Shilingi Ngapi, Uliza Viti Vingapi

*Hii ni mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa chama ngazi ya kata. Wengi mliokosa kufika mmeomba iwekwe hapa. Tumeiacha kama ilivyosemwa, tumepunguza salamu tu.*



Nimepewa mada inayosomeka "Misaada ya taasisi za hisani na maendeleo ya jamii mijini." Mada nzito, na muda wenyewe ni baada ya chakula. Nitajitahidi msisinzie.

Nianze na hali halisi ya humu ndani. Sisi vijana wa upinzani kwenye jambo hili tuko makundi mawili. Kundi la kwanza likisikia neno "mfadhili" linanuna. Linasema hizo ni hela za mabeberu, zinakuja kutulaza usingizi tusidai haki yetu serikalini. Kundi la pili likisikia neno "mfadhili" linafungua kompyuta. Linauliza mwisho wa kutuma andiko ni lini, na posho ya semina ni shilingi ngapi. Kuna na wajanja ambao asubuhi wako kundi la kwanza na jioni wako la pili. Hao tunawajua, hatutawataja.

Leo nataka niwaombe tuyaache yote mawili. Hela ya hisani siyo laana na siyo wokovu. Swali letu liwe hili: hela ikiingia mtaani, nani anakaa kwenye meza ya kuamua? Ukishindwa hapo umeshindwa kila kitu, hata wakileta mabilioni. Ukishinda hapo, hata hela ndogo inafanya kazi kubwa.

Kwanza, tujue tunaongea na nani

Taasisi ya hisani, hasa zile kubwa za Marekani, inaanza na tajiri au familia ya tajiri. Anatenga mali yake, inawekwa kwenye hisa na vitega uchumi, na faida inayopatikana ndiyo inayogawiwa kama ruzuku. Kule Marekani taasisi binafsi ya aina hiyo inapata nafuu kubwa ya kodi, na kwa upande wa pili sheria inailazimisha itoe kila mwaka kiasi cha asilimia 5 hivi ya thamani ya mali zake. Kwa hiyo yule ofisa anayekuja na gari lake mtaani kwenu hakufanyii fadhila ya moyo wake peke yake. Yuko kazini. Naye ana bosi, ana bajeti ya mwaka, na ana ripoti ya kuandika. Akikosa mradi mzuri wa kuupa hela, na yeye ana tatizo.

Nasema hivi ili tuache kuinama. Tunakwenda kwa mfadhili kama mtu aliyekwenda kuomba chumvi kwa jirani saa nne usiku. Hapana. Wewe una kitu anachokihitaji: una mtaa, una watu, unajua maji yanaingia nyumba zipi mvua ikinyesha. Yeye ana hela. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili wenye mali.

Lakini lazima pia tujue udhaifu wake. Ruzuku ina muda. Ni mwaka mmoja, miwili, mara chache zaidi ya mitatu. Vipaumbele vya taasisi vinabadilika. Mwaka huu mada ni maji taka, mwaka kesho ni tabianchi, keshokutwa ni kitu kingine kabisa. Wahenga walishasema, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Na huyu hata siyo ndugu.

Kisa cha mtaa wa Dudley

Sasa nataka niwape kisa kimoja kwa urefu kidogo. Kimetokea mbali, mji wa Boston, Marekani, lakini nikikisoma naona kabisa Vingunguti na Manzese.

Boston kuna eneo linaitwa Roxbury, na ndani yake kuna mtaa wa Dudley. Miaka ya 1980 ulikuwa mtaa wa watu weusi, Walatino, wahamiaji kutoka visiwa vya Cape Verde huku kwetu Afrika, na wazungu wachache waliobaki. Mabenki yalikuwa hayakopeshi watu wa pale. Wenye nyumba wengine walizichoma moto wachukue bima. Mpaka kufikia katikati ya miaka ile kulikuwa na viwanja vitupu kama 1,300. Makampuni yakawa yanakuja usiku kumwaga taka, matairi, nyama iliyooza, vifusi. Mtaa uko karibu kabisa na katikati ya jiji, ila jiji lilikuwa halina habari nao.

Mwaka 1984 wadhamini wa taasisi moja ya hisani ya palepale Boston, Riley Foundation, walikwenda mtaani hapo kuangalia ombi la msaada la shirika la huko. Walipoona hali wakaamua kufanya jambo kubwa kuliko kuandika hundi moja. Wakakusanya mashirika, makanisa na wataalamu, wakachora mpango. Mpango ulikuwa mzuri, na watu wale walikuwa na nia njema. Hilo nalisema wazi.

Mwanzoni mwa 1985 wakaitisha mkutano kanisani kuwatangazia wananchi. Walifika watu kama 200. Meza kuu ikaeleza muundo: bodi itakuwa na wajumbe 23, na kati yao wakazi wa mtaa watakuwa wanne.

Jamani, wanne kati ya 23! Waliobaki ni mashirika, taasisi na wataalamu.

Wananchi wakasimama. Wakauliza meza kuu, ninyi ni nani hasa? Nani kati yenu analala hapa usiku? Mkimaliza mradi wenu mtarudi kwenu, sisi tutabaki na nini? Mkutano ukachafuka. Sasa fikirini, ingekuwa huku kwetu, mtu mmoja angenyanyuka nyuma akasema, "Ndugu zangu tusiwaudhi wageni, hela zitaondoka." Na tungenyamaza.

Wale hawakunyamaza. Na hapa ndipo ninapowapa heshima wale wa Riley: nao hawakufunga mkoba wakaondoka. Walikubali mpango wao ufumuliwe. Ukaundwa upya, bodi ikawa ya wajumbe 31, na wakazi wakawa kundi kubwa kuliko mengine yote. Tena wakagawana viti sawa kwa sawa: weusi watatu, Walatino watatu, watu wa Cape Verde watatu, wazungu watatu, ingawa idadi yao mtaani ilikuwa haifanani. Walifanya hivyo ili kabila moja lisije likasema mradi ni wa wenzetu. Chombo hicho kikaitwa Dudley Street Neighborhood Initiative, na kipo mpaka leo.

Kiti kilizaa nini?

Mtu atauliza, sawa, wamepata viti, halafu? Viti vinaliwa?

Sikilizeni. Kitu cha kwanza walichofanya, hawakujenga ukumbi wenye bango la mfadhili. Mwaka 1986 walianzisha kampeni dhidi ya taka. Wakaandamana, wakamfuata meya, wakadai vituo vya taka visivyo halali vifungwe. Vikafungwa. Hela iliyohitajika pale haikuwa nyingi, ila mtaa mzima ulijionea kwamba wakisema kitu kinafanyika.

Cha pili, wakatengeneza mpango wa mtaa wao wenyewe. Mtaalamu waliyemwajiri alifanya kazi chini yao, akiwasikiliza wao. Jiji likaukubali mpango ule.

Cha tatu ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Wakagundua kwamba viwanja vitupu vina wenyewe, wengine hata hawajulikani walipo, na bila ardhi mpango ni karatasi. Wakaenda kudai mamlaka ya kutwaa ardhi, yale mamlaka ambayo kwa kawaida ni ya serikali. Mwaka 1988 mamlaka ya uendelezaji ya jiji la Boston ikawapa mamlaka hayo kwa viwanja vitupu vilivyo katikati ya mtaa wao. Kikundi cha wananchi! Hakuna kikundi cha mtaa kilichowahi kupewa kitu hicho Marekani kabla yao. Hapo ndipo taasisi nyingine kubwa, Ford Foundation, ikaja na mkopo wa riba ndogo wa dola milioni 2 kununulia ardhi. Angalieni mpangilio: mamlaka yametangulia, hela imefuata.

Ardhi ile hawakumgawia mtu auze. Waliiweka kwenye dhamana ya jamii. Mwananchi anamiliki nyumba, ardhi chini yake ni ya mtaa, anaikodi kwa miaka 99. Akitaka kuuza nyumba anauza, lakini kwa bei ambayo mtu wa kipato kama chake ataimudu. Leo kuna nyumba zaidi ya 200 kwa utaratibu huo, na Boston ni moja ya miji yenye nyumba ghali sana Marekani. Bila utaratibu ule, mtaa ungependeza, bei zingepanda, na wale waliopigana na taka wangefukuzwa na kodi.

Turudi nyumbani

Kuna atakayesema, "Hiyo ni Boston. Sisi huku mwenyekiti wa mtaa tu hutusikilizi." Sawa, tuje karibu.

Hapa Dar es Salaam, upanuzi wa bandari ulipofika Kurasini, maelfu ya watu waliondolewa. Wenye nyumba walilipwa fidia, wanayosema haikutosha. Wapangaji je? Mpangaji kwenye fidia hayumo. Sasa katika hao kulikuwa na wanachama wa vikundi vya kuweka akiba vya Shirikisho la watu maskini wa mijini, wengi wao akina mama, wanaoweka hela ndogo ndogo. Wakishirikiana na asasi yao, Centre for Community Initiatives, wakaanzisha chama cha ushirika cha nyumba, wakanunua ekari 30 kule Chamazi. Wakafyatua matofali wenyewe, wakajenga.

Hela ilitoka wapi? Sehemu ni akiba zao. Sehemu ni mikopo kupitia mtandao wa kimataifa wa mashirikisho ya namna hiyo, Slum Dwellers International. Mtandao huo mwaka 2007 ulipewa na Gates Foundation dola milioni 10 kwa ajili ya mfuko ambao mashirikisho yenyewe yanaamua wapi hela iende. Kwa hiyo ile hoja ya kwamba mfadhili mkubwa hawezi kukubali maskini waamue haina ukweli. Anakubali, akikuta maskini wamejipanga tayari.

Lakini sitawauzia Chamazi kama pepo. Nyumba zilizojengwa ni chache kuliko zilizopangwa. Marejesho ya mikopo yalisumbua watu, kwa sababu ukimtoa mama lishe Kurasini ukampeleka Chamazi umemtoa na wateja wake. Nauli peke yake inakula faida. Pamoja na hayo, wapo watu wenye paa leo ambao serikali iliwaacha barabarani.

Tuvuke mpaka kidogo. Nairobi, eneo la Mukuru, ni maelfu kwa maelfu ya familia kwenye ardhi ambayo kwenye makaratasi ni ya watu wengine. Wakazi na shirikisho lao, Muungano wa Wanavijiji, lililoanza 1996 likipinga bomoabomoa, walifanya utafiti na vyuo vikuu na asasi. Wakaonyesha kwa hesabu kwamba mtu wa Mukuru analipia maji na umeme bei kubwa kuliko mtu wa mtaa wa kitajiri, tena kwa huduma mbovu. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ikatangaza Mukuru eneo maalum la mipango. Kaya zaidi ya 100,000! Wakapangaje watu wote hao? Kaya kumi zikawa kikundi kimoja, wakakiita Tujuane Tujengane. Vikundi kumi vikaunganika, na kuendelea juu. Hakuna mtaalamu aliyeleta hilo kwenye ndege.

Na hapa ndipo siasa inapoingia

Sasa makamanda, msije mkatoka hapa mkasema kumbe kazi ya chama imekwisha, tukaandike maandiko. Mwaka 2021, miaka minne baada ya tangazo lile, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya familia wakalala nje. Mpango ulikuwepo, utafiti ulikuwepo, na wafadhili walikuwepo.

Ruzuku haizuii tingatinga. Kinachozuia tingatinga ni sheria, na serikali inayoogopa wapigakura wake. Wale wa Dudley walifika mbali kwa sababu jiji liliwapa mamlaka, na jiji liliwapa kwa sababu walikuwa wamejipanga kiasi kwamba meya alihitaji kuwasikia. Mfadhili hawezi kukupa mamlaka ya ardhi. Hawezi kukupa sheria ya fidia inayomtambua mpangaji. Hawezi kukupa serikali ya mtaa inayosoma mapato na matumizi mbele ya wananchi. Hayo yanatafutwa kwa siasa, na ndiyo kazi yetu.

Ndiyo maana lazima tuseme pia habari ya hela yetu wenyewe. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hiyo siyo hisani ya mtu. Ni ushuru wa machinga na mama ntilie unaorudi. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya kelele za vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Sasa niwaulize, ni wangapi humu mmewahi kwenda halmashauri kuomba orodha ya vikundi vilivyokopeshwa kwenye kata yenu? Tunakesha mtandaoni kumjadili bilionea wa Marekani, na hela ya kata yetu hatujui imekwenda kwa nani.

Tufanye nini?

Nimalizie na mambo ya kuondoka nayo.

La kwanza, jipangeni kabla ya hela. Kikundi kinachozaliwa siku tangazo la ruzuku linatoka, kinakufa siku ruzuku inaisha. Anzeni na akiba, hata shilingi mia tano. Akiba inawafundisha kuaminiana na kuandika daftari. Hela ya mgeni haifundishi hilo.

La pili, hesabuni mtaa wenu wenyewe. Kaya ngapi, vyoo vingapi, wapangaji wangapi, bomba linatoka maji siku ngapi kwa wiki. Mwenye takwimu za mtaa hakaliwi kichwani, si na mfadhili wala na mtendaji.

La tatu, mfadhili akija muulizeni maswali matano, bila woga wala jeuri. Wakazi wana viti vingapi kwenye bodi? Nani anasaini hundi? Kati ya kila shilingi mia, ngapi zinafika mtaani na ngapi zinabaki kwenye ofisi, magari na semina? Ripoti ya fedha itabandikwa wapi ili bibi asiye na simu aisome? Na mkiondoka, nini kinabaki na kinakuwa mali ya nani? Mfadhili wa kweli atayapenda maswali haya. Anayekasirika, mpeni soda, mumsindikize.

La nne, na hili naomba mnisikilize vizuri. Tusiingize kadi ya chama kwenye kikundi cha mtaa. Kwanza sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali inataka yasiegemee chama, na kanuni zake za 2018 zinataka ruzuku inayozidi shilingi milioni 20 itolewe taarifa kwa mamlaka. Mkichanganya, mnawapa watu sababu ya kukifuta kikundi kesho asubuhi. Lakini hata sheria isingekuwepo, ingekuwa ni makosa. Mfereji ukiziba, maji hayaulizi kadi, yanaingia nyumba ya kijani na nyumba yetu. Dudley waligawana viti sawa kwa makundi manne yaliyokuwa hayapatani. Sisi tunashindwa kukaa na jirani kwa sababu ya fulana?

Kijana wa chama aingie kwenye kikundi kama mkazi. Afanye kazi kuliko wote, ashike daftari bila kukosa hata shilingi. Watu wakimwona hivyo mwaka mzima, siku akigombea uenyekiti wa mtaa hatahitaji kujitambulisha.

La tano, tujikague wenyewe. Tunailaumu serikali kwa kuamua mambo bila wananchi. Je, sisi matawi yetu yanaamuaje? Michango ya mkutano uliopita ilisomwa kwa nani? Tukiomba viti kwa mfadhili na kwa halmashauri, na kwetu viti vinagawiwa kwa kujuana, wananchi watatucheka, na watakuwa na haki.

Ndugu Mwenyekiti, naona umeangalia saa, nimeelewa. Wahenga wana msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aje, karibu sana. Ila nyumba ni ya mwenyeji, na mwenyeji ndiye anayemwonyesha mgeni pa kukaa. Kwenye miradi mingi ya miji yetu mambo yamegeuka, mwenyeji amesimama mlangoni anangoja kuambiwa akae wapi.

Kwa hiyo Jumamosi hii, kila tawi likae na daftari moja, liandike kaya za mtaa wake. Na Jumatatu inayofuata watu watatu waende halmashauri na barua kuomba orodha ya mikopo ya asilimia 10. Tukikutana semina ijayo, mada yangu itakuwa fupi. Nitauliza tu mmepata nini.